Nani Alimleta Sikudhani Kisogoni

Kaeni vizuri, na mwenye la kusema aliseme sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nchi ninayotaka kuwaeleza haimo kwenye ramani mliyosomea shuleni, na mwalimu wenu wa jiografia msimlaumu. Inaitwa Kisogoni. Aliyefika huko ni mkulima mmoja wa mpunga, Sikudhani binti Mbwera, mwanamke wa makamo, maneno machache, macho makali. Aliyoyaona alinisimulia mwenyewe, nami nawasimulieni kama nilivyosikia. Hasira tu ndiyo yangu.

Alikwenda kutafuta mbegu. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia mashambani kwao, mpunga ukawa unakauka ukiwa bado mchanga, na ikasikika kwamba Kisogoni kuna mama mmoja, Mama Chausiku, anauza mbegu isiyojali chumvi. Ya safari yake tuyaache. Alifika mpakani, imetosha.

Askari wa mpakani hakumwuliza jina wala alikotoka. Alimwambia tu, "Geuka." Sikudhani akadhani anafukuzwa. Kumbe yule bwana alitaka kuona kisogo chake. Akaambiwa ashushe kanga na ainamishe kichwa, askari akasogeza uso karibu, akatazama vizuri, akanusa. Kisha akasema "Safi kabisa" kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, akapiga filimbi kumwita mleta.

Sasa lazima niwaeleze desturi yao, la sivyo mtapotea. Nchi ile ina ukungu mwaka mzima. Njia zinapindapinda, vijia vinazaa vijia, na vibao vya kuelekeza hakuna hata kimoja. Vilipigwa marufuku zamani kwa kosa la kuleta watu bila leseni. Maduka yote yako katika mji mmoja wenye ukuta, unaoitwa Sokoni. Mgeni hawezi kufika peke yake, anahitaji mtu wa kumwongoza, na huyo ndiye wanayemwita mleta. Mleta akimfikisha mnunuzi dukani, mwenye duka humkatia kidogo katika alichouza, na kidogo hicho kinaitwa shukrani. Mpaka hapo mimi sina ugomvi nao. Ni jambo la kiungwana.

Matata yalianza siku waleta wawili walipomgombania mnunuzi mmoja, kila mtu akiapa kwamba ndiye aliyemleta. Ikatungwa sheria ya brashi. Kila mleta akapewa rangi yake, akaambiwa ampake mgeni wake kisogoni, na askari wa mlango wa duka asome rangi hiyo mgeni anapoingia. Kwa nini kisogoni? Kwa sababu usoni mgeni angejifuta, na mkononi angenawa akila. Kisogo chake mtu hakioni, kwa hiyo, wakasema wataalamu, hawezi kukiingilia. Na rangi zikipandana je? Hapo mtunga sheria, ambaye nadhani alikuwa na njaa, aliandika sentensi moja: rangi ya juu ndiyo ya kweli. Akaenda kula. Nchi nzima inaishi kwa sentensi hiyo mpaka leo.

Aliyeitikia filimbi alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Kindamba, na rangi yake ilikuwa ya udongo. Alimpaka Sikudhani mstari mmoja mwembamba, kwa adabu, akimwomba radhi kwa ubaridi wa brashi. Wakaanza safari. Njiani alimweleza hali yake bila kulia wala kujitetea, na ilikuwa hali mbaya. Sheria ilisema mleta ambaye rangi yake haikusomwa mlangoni hata mara moja tangu mavuno mpaka mavuno ni mzururaji. Brashi yake ivunjwe, naye atolewe nje ya nchi. Msimu ulikuwa unakwisha siku hiyohiyo. Kindamba alikuwa amewafikisha watu wengi mno, mvua ikinyesha na jua likiwaka, na hakuna hata mmoja aliyesomwa kwa rangi ya udongo. Sikudhani alikuwa mgeni wake wa mwisho. Yeye Kindamba alizaliwa nchini humo, nyumba yake iko njia panda, mke yuko hapo, wazazi wake wamezikwa nyuma ya jiko. Kwingine hakujui.

Sikudhani akamwuliza kwa nini basi hamkasirikii mtu.

"Sheria ni nzuri sana, dada," akasema Kindamba. "Ni wachache tu wanaoichafua."

"Wachache wangapi, kaka?"

Kindamba akaanza kufikiri. Walivuka kijito, wakapanda kilima, wakateremka, bado anafikiri.

Walipita penye msiba. Watu wamekaa chini, wengine wanalia, na nyuma yao wanaume wamesimama na mirija ya mwanzi, wanawapulizia waombolezaji rangi ya kijani visogoni. Hao huitwa wapulizaji. Hawamleti mtu popote. Huenda palipo na watu wengi, harusini, msibani, ibadani, wakapuliza, kwa hesabu kwamba kila aliye hapo iko siku atakwenda kununua chumvi au kiberiti, naye atafika mlangoni na kijani chao. Sikudhani alipoona mpulizaji mmoja anamwinua marehemu kichwa ili kumpulizia naye, uvumilivu ulimwishia, akauliza maiti naye atanunua nini.

"Sanda yake bado haijanunuliwa," Kindamba akamweleza kwa upole. "Na huku sanda hupimiwa dukani."

Ya msiba yakapita. Mbele kidogo kulikuwa na nyumba ya mkunga, nje wamepanga foleni watu wenye brashi. Mtoto akitoka tu, kabla hajakatwa kitovu, anapakwa. Mama mzazi haulizwi. Mmoja wa wale wapakaji, kijana wa watu mwenye suti, alimwambia Sikudhani kwamba kazi yake ni kuwaza mbali. Sikudhani aliniambia kwamba hapo alimwomba Mungu amfunge mdomo, na Mungu akamsikia.

Kisha wakapita kwenye mashamba ambayo hayakulimwa. Badala ya mazao kulikuwa na watu wa nyasi, safu kwa safu, wamevishwa nguo na kuwekewa visogo vya udongo wa mfinyanzi. Iko hivi: wenye maduka wengine hulipa shukrani kwa kila kisogo kinachoingia, kinunue kisinunue, kwa sababu walishauriwa kuwa watu wengi dukani ni dalili njema. Basi watu wa nyasi hupakwa rangi, hupakiwa kwenye mikokoteni, wakaingizwa mlango huu na kutolewa mlango ule, kutwa. Kindamba alisema Wizara ya Visogo ilikuwa imetangaza kwa fahari kwamba wageni wa nchi wameongezeka kupita miaka yote. Waziri aliongeza kuwa wageni wa siku hizi wana nidhamu, hawapigi kelele wala hawaombi wapunguziwe bei. Watu walipiga makofi. Hata Kindamba alipiga makofi, alikiri mwenyewe.

Wakafika kwenye lango la Sokoni. Hapo Kindamba akatoa brashi yake, akaikabidhi kwa mlinzi. Sikudhani akashangaa. Akaambiwa kuwa brashi za njiani haziingii mjini. Ndani ya Sokoni anayeruhusiwa kupaka ni mwenye kibali cha mlangoni peke yake, na kibali hicho huuzwa na Wizara. Wizara nayo hukata fungu lake katika kila shukrani inayolipwa, awe aliyelipwa ni nani, kwa hiyo haina tabia ya kuuliza maswali. Mnaona mchezo wenyewe? Anayetembea na mgeni tangu mpakani ananyang'anywa brashi langoni. Anayeruhusiwa kupaka dakika ya mwisho ni yule ambaye hajatoka kitandani muda mrefu. Na rangi ya juu ndiyo ya kweli.

Sikudhani hakuwa mjinga. Alijifunga kanga shingoni mizunguko mitatu, akaishikilia kwa mkono. Alikuwa amekwisha kumpenda yule mwongozaji wake, aliyempitisha kwenye kivuli na kumwonyesha pa kukanyaga, na aliapa moyoni kwamba ule mstari wa udongo utafika mlangoni kama ulivyo.

Hatua chache ndani ya mji, jamaa mmoja mwenye tabasamu akamzuia njia. Akamwuliza kama ana habari kuwa huenda kuna punguzo la bei kwenye mbegu. Sikudhani akasema hana habari. Yule jamaa akasema asubiri kidogo, ngoja atafute, akaanza kupekua mkoba mkubwa, akitoa karatasi moja moja na kuzisoma kwa makini, akisema hili limekwisha muda, hili si la leo. Kindamba akamkonyeza Sikudhani atazame nyuma. Nyuma alikuwepo mke wa yule jamaa, ana kibali kifuani na brashi ya njano mkononi, anajaribu kuipenyeza chini ya kanga. Sikudhani akamsukuma. Jamaa akafunga mkoba, akasema kwa masikitiko kwamba leo hakuna punguzo, akamgeukia mtu mwingine. Sikudhani akauliza kama punguzo huwa linapatikana siku yoyote. Kindamba akasema hajawahi kuliona, ila jamaa yule anasifiwa sana kwa kuwahurumia wanunuzi.

Wakafika kwa Mama Chausiku. Duka kubwa, magunia yamepangwa mpaka juu, na juu ya mlango, penye kizingiti, kimejengwa kiti. Kwenye kiti amekaa mtu mnene mwenye viatu laini vya ndani, kifuani ana nishani nyingi, na mkononi ana brashi yenye mpini mrefu. Huyo ni Bwana Shemboko, mjumbe wa Baraza na Mleta Bora wa nchi tangu watu wakumbuke. Ana viti kama hicho juu ya milango yote mikubwa, na watu wa mshahara wa kuvikalia, lakini duka la mbegu hulikalia mwenyewe kwa sababu lina upepo mzuri.

Askari wa mlango akasema, "Kisogo." Sikudhani akasema atafunua akishaingia. Askari akasema aliyeficha kisogo haingii, na akilazimisha anafungwa. Sikudhani akaupa ukuta mgongo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha kanga. Hakutazama juu. Tone la baridi likamwangukia shingoni, kufumba na kufumbua brashi ikapita mara moja, na askari akamgeuza, akasoma kwa sauti kubwa: "Bluu! Mgeni wa Bwana Shemboko!" Shemboko akainamisha kichwa kumshukuru kila mtu.

Kindamba alisimama barabarani, mikono imening'inia. Kitumbua chake kilikuwa kimeingia mchanga, na alijua.

Ndani, akimpimia mbegu, Mama Chausiku alinong'ona. Alisema amechoka. Mama yake mzazi, anayekaa naye ukuta mmoja, akija kumjulia hali anasomwa bluu mlangoni, na yeye analipa shukrani kwa Bwana Shemboko kwa kumletea mama yake. Mumewe akirudi kula chakula cha mchana ni bluu vilevile. Juzi yeye mwenyewe alitoka kumwaga maji, akarudi dukani kwake, akalipishwa. Ndiyo maana bei ya mbegu haipandishi yeye, inapanda yenyewe. Sikudhani akamwambia basi twende ukaseme hayo mahakamani. Mama Chausiku akafunga mdomo wa gunia, akasema tutaona.

Sikudhani akaenda kushtaki. Kesi za visogo husikilizwa siku ileile, maana rangi ikikauka ushahidi hupasuka. Hakimu Mwinyipembe, mzee mwenye sauti nzuri sana na masikio mazito, alikaa mbele, na ukumbi ulijaa wenye vibali.

Wakili wa Shemboko alisema maneno ambayo Sikudhani aliyakumbuka neno kwa neno. Alisema mtu anaweza kuzunguka nchi nzima na asinunue hata sindano. Huyo ni mtembeaji. Kinachomfanya mtembeaji awe mnunuzi ni kule kuvuka mlango, na mlangoni palikuwa na nani? Palikuwa na Bwana Shemboko. Yule bwana mwembamba aliandamana na mtembeaji, na kuandamana si kosa, lakini si kuleta. Msomi mmoja akainuka kuunga mkono, akasema utafiti umethibitisha kuwa kila mnunuzi aliyesomwa bluu alipitia chini ya kiti cha Bwana Shemboko, bila kukosa hata mmoja, na hakuna mleta mwingine duniani mwenye matokeo kama hayo. Msomi mwingine akapendekeza shukrani igawanywe kwa wote waliogusa kisogo kwa jinsi walivyosaidia. Walimtoa nje wakimsindikiza kwa makonzi.

Sikudhani akaomba kusema. Alisema yeye ndiye aliyeletwa, anajua aliyemleta, na aliyemleta ni Kindamba, tangu mpakani mpaka mlangoni.

"Wewe, mama, ulikiona kisogo chako?" akauliza Hakimu.

"Sikukiona, Mheshimiwa."

"Basi utajuaje aliyekuleta?"

Ukumbi ukavuma kwa kuridhika. Swali lenyewe lilikuwa la wazimu, na mtu mwenye akili zake akiulizwa swali la wazimu mbele za watu huonekana yeye ndiye mwenye kasoro. Mimi ningemjibu yule mzee, lakini sikuwepo.

Akaitwa Mama Chausiku. Akaulizwa kama anamfahamu Kindamba. Mama Chausiku alimtazama Shemboko, naye Shemboko alikuwa anasafisha brashi yake taratibu, unywele kwa unywele. Mama akasema yeye hajui watu, anajua rangi. Akaenda kukaa. Hakumtazama mtu.

Hukumu ikasomwa. Kindamba, kwa kuwa hakuleta mtu msimu mzima, ni mzururaji. Brashi yake ivunjwe, atoke nchini kabla jua halijazama. Ikaletwa kutoka langoni, wakaivunja hapohapo mbele yake. Na Bwana Shemboko, Hakimu akaendelea kwa ile sauti nzuri, anatangazwa kuwa mleta halali wa mgeni Sikudhani, mwenye haki zote za mleta na wajibu wote, kama ulivyo tangu mwanzo, wa kumleta salama na kumrudisha salama mpakani. Maneno hayo ya mwisho husomwa kila kesi, na hakuna aliyewahi kuyasikiliza, pamoja na anayeyasoma.

Sikudhani aliyasikiliza. Akainuka.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Nimeshanunua, na nyumbani wananingoja. Naomba aliyenileta anirudishe."

Shemboko akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Hakimu akamwuliza karani, karani akafungua kitabu cha sheria, akasema ndivyo ilivyoandikwa, hakuna namna. Basi Mleta Bora wa nchi akainuliwa kwenye kiti chake, akatafutiwa viatu vya kutembelea, na lango la Sokoni likafunguliwa. Mbele akawa Shemboko, nyuma yake Sikudhani na kifuko chake cha mbegu, nyuma yao Kindamba, ambaye naye alikuwa anaelekea mpakani kufukuzwa, na nyuma kabisa wajumbe wa Baraza, waliokuja kumpa moyo mwenzao.

Nje kulikuwa na ukungu. Shemboko akasimama. Alitazama huku, akatazama huku. Akasema njia ni hii, akaenda kwa hatua za mtu mkubwa, wakamfuata, wakajikuta katikati ya matuta ya viazi. Akasema amekusudia, ni njia ya mkato. Wakarudi. Akashika nyingine, ikawapeleka kwenye choo cha mtu. Mwenye choo akatoka, Shemboko akamwuliza mpakani ni wapi, yule bwana akaapa hajui, kwa sababu kuelekeza bila leseni ni kifungo. Suruali ya Shemboko ilikuwa imelowa mpaka magotini, na nishani zilikuwa zinagongana kifuani kila akiteleza. Mwishowe akajifanya anafunga kiatu, akaacha wenzake wapite, akamnong'oneza Kindamba amwonyeshe, watamalizana.

"Ningependa, Mheshimiwa," akasema Kindamba. "Lakini wameivunja brashi yangu. Nikikuelekeza nitafungwa."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Sikudhani. Alisema kwa moyo mweupe, kama raia mwema anayemkumbusha mwenzake sheria. Sikudhani alitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja.

Walizunguka mpaka wakatokea tena langoni walikotoka. Hapo wajumbe wakaona hatari iliyo mbele yao. Ikiwa Shemboko hawezi kumrudisha mgeni, basi hakumleta. Ikiwa hakumleta huyu, wale wengine je? Na nishani? Na viti vya milangoni, na vibali, na fungu la Wizara? Baraza la Kisogoni huchukua misimu kujadili daraja, lakini likiona mkubwa yuko kwenye maji ya shingo huwa halichelewi. Walikutana palepale, wamesimama, chini ya lango. Mmoja akataka kuundwe tume. Mwingine akapendekeza mgeni aolewe nchini ili asihitaji kurudishwa, Sikudhani akamtazama, mjumbe akaliondoa pendekezo lake. Ndipo Hakimu Mwinyipembe akapata fikra. Akauliza kama kuna mahali popote palipoandikwa kwamba mpaka wa nchi lazima uwe mbali.

Karani akapekua. Hapakuwapo.

Wakapiga kura, ikapita bila kupingwa: tangu saa hiyo mpaka wa Kisogoni ni lango la Sokoni. Shemboko akamshika Sikudhani mkono, akamvusha hatua tatu, akamwachia. Amerudishwa salama. Makofi, vigelegele, Shemboko akaongezewa nishani. Walimteua mlinzi wa lango kuwa askari wa mpakani, wakampa filimbi mpya, akasimama ndani ya lango. Kisha wote wakaingia ndani kusherehekea, wakafunga.

Kindamba akakaa juu ya jiwe. Ilimchukua muda kuelewa. Njia panda yake, nyumba, mke, makaburi ya wazazi, vyote sasa viko nje ya nchi. Alikuwa amekwisha kufukuzwa na hakuhitaji kwenda popote. Pamoja naye walikuwa wamefukuzwa wakulima wote, na waliokuwa msibani, na mkunga na mtoto mchanga wake, na kila aliyewahi kununua chochote Kisogoni. Ndani ya nchi walibaki wenye vibali, mahakimu, wajumbe na maduka. Sikudhani akakaa karibu naye, akamwambia twende kwetu, tutakupa shamba. Kindamba akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka hapo, mara ya kwanza siku nzima, na alipoulizwa analilia nini alisema analilia nchi yake. Ile nchi! Mimi ningepiga ngoma kwa kuachana nayo.

Watu wakaanza kutokea kwenye ukungu kuja sokoni, maana ilikuwa siku ya gulio. Kila aliyefika langoni askari alimwambia kutoka ndani kwamba yeye ni mgeni kutoka nje, alipe kiingilio, ageuke. Wakasimama, wakaulizana, wengine wakatukana, wakarudi makwao na vikapu vitupu. Ndani zilisikika hotuba kwa muda, halafu zikapungua. Aliyechungulia kwenye ufa wa lango alisema wenye brashi wamesimama juu ya milango yote, wote wanatazama barabara, na barabarani hakuna kisogo. Baadaye akasema wameanza kupakana wenyewe kwa wenyewe, na askari wa milango wanasoma.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, lango likafunguka kidogo, akatoka Mama Chausiku. Kichwani ana gunia la mbegu, shingoni amejifunga shuka. Alisimama mbele ya Kindamba na hakuweza kumtazama usoni. Alisema wamemdai shukrani ya wateja wa siku nzima, na tangu lango lifungwe hakuja mteja. Alisema la mahakamani analijua, na Kindamba akitaka kumtukana amtukane. Kindamba hakutukana. Mama akashusha pumzi, akatazama ule ukungu, akauliza jambo ambalo Sikudhani hakulitegemea kwa mtu aliyeuza mbegu maisha yake yote.

"Wateja wangu wanakaa wapi?"

Kindamba akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, akitafuta askari. Hakukuwa na askari. Askari wote walikuwa nchini, na yeye alikuwa nje. Kisha akainuka, akajifuta suruali, akanyoosha mkono mbele ya watu wote bila leseni.

"Pita hapa, mama, kata kulia penye mnazi uliovunjika. Nyumba ya kwanza ina mbwa, lakini haumi."